Shamba la shule lifundishe, lisitumikishe

MWAKA 1971 wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Korogwe walikwenda katika kijiji cha Kwamsisi, wilayani Handeni mkoani Tanga, kujaribu jambo ambalo hadi leo halijakamilika nchini: kuifanya shule ya msingi iwe mali ya kijiji kwa kazi na kwa masomo, si kwa majengo tu.

Msingi wake ulikuwa Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Julius Nyerere la Machi 1967. Wakati huo, kati ya kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, ni takriban 13 tu waliopata nafasi ya sekondari. Waliobaki walirudi kijijini wakiwa wamefundishwa mambo ya kuwaondoa kijijini. Kwamsisi ilijaribu kugeuza hali hiyo. Masomo yalianzia katika maisha ya mahali pale, na mkulima au fundi ambaye hakuwa na cheti alihesabiwa kuwa naye ana la kufundisha. Jaribio hilo lilichangia mpango mpana wa shule za jamii uliojulikana kama MTUU, ulioendeshwa na Serikali kwa ushirikiano na UNICEF na UNESCO.

Kisha hali ilibadilika. Azimio la Musoma la 1974 liliitaka nchi ifikie Elimu ya Msingi kwa Wote ifikapo 1977, na watoto wakafurika madarasani kuliko walimu waliokuwapo. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 na ugumu wa uchumi uliofuata vilimaliza fedha. Somo likapotea, likabaki jembe.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Wazazi wengi wa leo wanalikumbuka shamba la shule kama mahali pa adhabu. Aliyechelewa alipelekwa kupalilia, aliyepiga kelele akachota maji, na mara nyingine shamba lenyewe lilikuwa la mwalimu. Mahindi yakivunwa, mwanafunzi hakuambiwa yamepatikana magunia mangapi wala yameuzwa kwa nani. Ni vigumu kumlaumu mzazi huyo anaposikia neno 'vitendo' na kushika kichwa. Andiko la 1967 lenyewe lilitaka wanafunzi washike hesabu za shamba lao na washiriki kuamua matumizi ya ziada itakayopatikana. Kipengele hicho ndicho kilichosahaulika upesi kuliko vyote.

Lakini kulifuta shamba kwa sababu lilitumiwa vibaya ni kupoteza darasa lisilohitaji bati wala saruji. Chukua kipande cha mita 10 kwa 10. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mtoto wa darasa la tano anapata mistari 13 yenye mashimo takriban 33 kila mmoja. Hayo ni mashimo kama 430. Ahesabu yaliyoota, atafute asilimia, kisha aulize kwa nini upande wa mteremko umeota vibaya. Mzee wa kijiji atamwambia maji hupita wapi wakati wa masika, na bwana shamba atamwonyesha namna ya kupima kontua kwa fremu ya miti, kamba na jiwe. Mtoto huyo amefanya hisabati, sayansi na jiografia kabla ya saa nne asubuhi, na amejifunza jambo ambalo baba yake anaweza kulitumia msimu ujao.

Upande wa biashara ni muhimu zaidi, na ndio unaoachwa. Mbegu iligharimu kiasi gani? Samadi ilitoka kwa nani? Gunia liliuzwa wakati wa mavuno bei ikiwa chini, au lilitunzwa miezi minne? Wakulima wengi hupoteza fedha katika swali hilo la mwisho, si shambani. Shule yenye ghala dogo na daftari linalosomeka inaweza kulifundisha kijiji kizima, na kulifundisha kwa faida na hasara zilizotokea kweli.

Serikali imefungua mlango. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na mkondo wa amali ukaanza katika baadhi ya shule za sekondari. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo lilizinduliwa rasmi Februari 2025. Hofu ni kwamba amali itaeleweka kuwa karakana na mashine, vitu ambavyo shule ndogo ya kijijini yenye walimu wachache itavisubiri kwa miaka. Mtoto wa huko hapaswi kungoja sekondari ndipo aguse kazi ya mikono inayolisha nyumba yao.

Mafundi wapo. Seremala, mfugaji wa nyuki na mama anayesindika muhogo wako umbali wa kutembea kwa miguu. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Halmashauri zinaweza kuutumia kuwapata watu hao na kuwalipa posho ndogo kwa vipindi viwili au vitatu kwa wiki. Bila malipo watakuja mara moja, wapigiwe makofi, wasirudi tena.

Ardhi nayo ilindwe. Eneo la shule lisilopimwa humegwa kidogo kidogo, hasa linapokuwa karibu na barabara.

Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, kamati nyingi za shule zimepata taabu kuwashawishi wazazi wachangie chakula cha mchana. Shamba linaweza kupunguza mzigo huo, kwa sharti kwamba aliyelima ndiye anayekula uji wake. Maofisa elimu wa wilaya waanze na agizo moja lisilo na gharama: kila shule yenye shamba ibandike ubaoni, baada ya kila mavuno, idadi ya magunia, bei yaliyouzwa na matumizi ya fedha, kwa mwandiko wa wanafunzi wenyewe.