Mgeni Apewe Kanuni Kabla ya Kipigo

Huenda mwanao hucheza kwa simu mchezo wa vita usio na picha. Kila mchezaji hujitungia shujaa, na pigano huendeshwa kwa maandishi, zamu kwa zamu. Ada yake ni hii: wewe waandika pigo lako, kama limempata au limemkosa, wamwachia mwenzio aseme. Basi mchezo mzima umesimama juu ya uaminifu!

Madaraja ya nguvu si mapya. Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani waliyatia katika mchezo wao wa mezani, Dungeons & Dragons, mwaka 1974. Mchezaji huanzia daraja la kwanza, na njia ya kupandia imeandikwa, kila mtu aisome. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wakongwe wanaojitungia mashujaa wasiokufa, wakamficha mgeni kanuni, kisha wakamcheka akizikosea. Ushujaa gani huo, kumpiga mtu uliyemfumba macho?

Watajibu, "Nasi tulianza hivyo hivyo." Je, dhuluma ikirithiwa huwa haki? Na hasara yake yajulikana. Roy Trubshaw alianzisha mchezo wa MUD katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978. Richard Bartle, aliyeuendeleza, aliandika mwaka 1996 kwamba wanaopenda kuwaua wachezaji wenzao wakizidi, wengine huuhama mchezo.

Muulize mwanao leo yu daraja gani. Kisha muulize ni wageni wangapi amewafundisha.