Fundi apimwe kwa kazi ya mkono wake

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Lushoto, Soni, Mlalo na Mtae, leo siongelei mbolea wala kinyausi. Naongelea matangazo ya kazi za ufundi tunayoyabandika wenyewe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Masharti yenyewe mnayafahamu. Anatakiwa fundi wa kutunza bomba la maji ya mserereko. Awe na cheti cha kidato cha nne, cheti cha VETA na uzoefu wa miaka kumi. Umri usizidi miaka 25, ajue kompyuta na Kiingereza. Malipo ni "maelewano".

Tupige hesabu. Kijana anamaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18, kisha anasomea ufundi. Miaka kumi ya kazi ataipata wapi kabla ya kufika 25? Na akipatikana mtu wa namna hiyo, atafuata nini kwetu kwa malipo ambayo hata kuandika tunaona aibu?

Usaili nao ni maswali ya kuandika, mengine kwa Kiingereza. Mafundi wetu wengi waliishia darasa la saba, na shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Hapo hatupimi ufundi, tunapima shule aliyosoma. Aliyeyalaza mabomba hayo kwenye miteremko anabaki barazani, anaajiriwa mwenye makaratasi. Kiangazi kikifika maji yanakatika, kabichi na karoti zinakauka, na hasara ni yako wewe mkulima.

Kuna ubaya mwingine. Fundi anaambiwa "tuone kwanza kazi yako", anajengeshwa ukuta kutwa nzima, jioni anaambiwa atapigiwa simu. Kesho anaitwa mwingine aendelee pale alipoishia. Huo si usaili, ni kumwibia mtu nguvu zake.

Sisemi cheti hakina maana. Anayefunga umeme kwenye nyumba lazima awe na leseni ya EWURA. Hapo usilegeze hata kidogo, maana kosa lake linaua. Lakini hata VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, anaelekezwa pale alipopungukiwa, kisha anapewa cheti. Ikiwa mamlaka ya ufundi imekubali kwamba kazi hujifunzwa hata nje ya darasa, kamati ya kijiji inakataa kwa msingi gani?

Fanyeni hivi:

1. Andikeni kazi kwanza, masharti baadaye. Kusafisha chanzo, kuunganisha bomba, kubadili koki, kuandika vipuri kwenye daftari. Sharti lisilogusa kazi hizo lifutwe.

2. Nendeni mkaone kazi zake mbili za zamani, moja iwe imepitiwa na masika mawili. Ongeeni na mwenye kazi, fundi mwenyewe akiwa hayupo.

3. Mpeni jaribio la saa mbili. Aunganishe vipande viwili vya bomba, mfungulie maji, msubiri muone. Waombaji wote wapewe jaribio lile lile.

4. Mlipeni kwa muda huo, hata asipochukuliwa.

5. Andikeni mshahara kwenye tangazo.

Na wewe fundi, usikae kulalamika tu. Piga picha kazi zako. Weka daftari lenye tarehe, mahali na namba ya simu ya uliyemfanyia kazi, baada ya kumwomba ruhusa. Ulizia VETA lini watapima mafundi wa fani yako, na ukisikia nafasi usiiache.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi tunachagua mpini huku magugu yanameza shamba.

Kikao kijacho tangazo likisomwa, nyosha mkono uulize swali moja: sharti hili litazuia vipi bomba kuvuja? Likikosa jibu, lifutwe hapo hapo, na muhtasari uandikwe.