i5 ya zamani au i3 ya karibuni? Soma namba kabla ya kulipa

FEDHA za kikoba zilipogawanywa mwisho wa mwaka, mama mmoja wa watoto watatu alikuwa na jambo moja tu kichwani: kompyuta ya mezani. Binti yake mkubwa alikuwa anaingia kidato cha tatu, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuandika hesabu za genge lake kwenye madaftari yanayochanika.

Kwenye duka la kompyuta za mtumba, yeye na mumewe waliwekewa mbili mezani. Moja ilikuwa na prosesa ya Intel Core i5-3470. Nyingine ilikuwa na Core i3-8100, na bei yake ilikuwa juu kidogo.

“Mama watoto, hapa hakuna mjadala,” alisema mume. “Tano ni kubwa kuliko tatu, na bei iko chini. Tulipe twende.”

“Baba watoto, tusiharakishe. Fedha hii nimeiweka mwaka mzima, elfu kwa elfu.”

Walirudi nyumbani mikono mitupu, kila mmoja amenuna.

Mume hakuwa mjinga. Wengi hudhani hivyo hivyo, na wauzaji wanalijua hilo. Lakini i3, i5 na i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja cha prosesa. Ni sawa na kulinganisha wanafunzi wa darasa moja. Ukilinganisha vizazi tofauti, daraja pekee halitoshi.

Kizazi kinaonekana kwenye namba inayofuata. Katika i5-3470, tarakimu ya kwanza ni 3, yaani kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2012. Katika i3-8100, tarakimu ya kwanza ni 8, yaani kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2017. Ukikuta i3-12100, hicho ni kizazi cha 12. Hata dawa huinywi kwa kutazama jina la kopo tu. Unasoma na tarehe.

Sasa tuzilinganishe. Prosesa hufanya kazi kwa viini, na kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja. Zamani i3 za kompyuta za mezani zilikuwa na viini viwili, na i5 vinne. Hapo kauli ya mume ingekuwa sahihi. Lakini kuanzia kizazi cha nane, i3 nazo zikapewa viini vinne. Kwa hiyo hizi mbili zina wafanyakazi sawa.

Kwa kasi, i5-3470 huanzia gigahezi 3.2 na inaweza kupanda hadi 3.6. Ile i3-8100 hufanya kazi kwa gigahezi 3.6, na kwa kuwa imeundwa kwa ufundi wa karibuni zaidi, hukamilisha kazi nyingi zaidi kwa kasi ileile. Ndiyo maana katika majaribio ya kasi i3 hii humtangulia kaka yake mkubwa.

Tofauti huonekana pia kwenye video. Masomo mengi ya YouTube hutumwa kwa mfumo wa VP9. Kizazi cha nane kina sehemu maalumu ya kuufungua mfumo huo. Kizazi cha tatu hakina, hivyo viini vyenyewe hubeba mzigo, feni inapiga kelele na video kubwa zinaweza kukwama.

Kwa upande wa umeme, i5-3470 imekadiriwa wati 77 kwenye kazi nzito na i3-8100 wati 65. Kwa saa tano kwa siku, tofauti hiyo haifiki uniti mbili za LUKU kwa mwezi. Hilo lisikugombanishe na mwenzako.

Jambo zito zaidi ni usalama. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na orodha yake ya prosesa za Intel zinazokubalika kwa Windows 11 inaanzia kizazi cha nane. Kompyuta ya familia ndiyo inayotunza nywila za benki, picha za watoto na hesabu za biashara. Kuiacha bila marekebisho ya usalama ni kama kulala mlango wazi.

Je, i5-3470 ni ya kutupa? Hapana. Kwa kuandika na kusoma bado inafaa, na inaweza kuwekewa Linux bila malipo. Tena, kompyuta ya zamani yenye diski ya SSD na RAM ya GB 8 huwaka na kufungua programu haraka kuliko mpya yenye diski ya kuzunguka. Kwa hiyo uliza vyote vitatu: prosesa, RAM na diski.

Usitosheke na kibandiko kilicho nje ya boksi, kwani hubandikwa na kubanduliwa. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Performance. Jina kamili la prosesa litaonekana hapo.

Na ikifika nyumbani, iweke ili kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Mtoto apumzishe macho kila baada ya dakika 20 kwa kutazama mbali.

Wiki iliyofuata wale wazazi walirudi dukani. Safari hii mume ndiye aliyebonyeza vitufe na kusoma namba kwa sauti. Walichukua i3-8100 yenye SSD, na ili fedha itoshe wakachagua kioo kidogo.

“Nilikuwa nahesabu tatu na tano,” mume alimwambia mkewe wakiwa njiani. “Kumbe namba yenyewe ilikuwa nane.”