Jeraha Dogo la Jembe

Mkulima akatwapo mguu na jembe, asilidharau jeraha kwa kuwa ni dogo. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, nao hustawi ndani ya jeraha lenye kina, lisilopata hewa. Kwa hiyo kulipaka mavi ya ng'ombe ni kuyaalika maradhi. Lioshwe kwa maji safi na sabuni, lifungwe kwa kitambaa safi, na mtu aende hospitali siku ile ile. Huko litasafishwa, litashonwa ikifaa, naye atadungwa sindano ya kinga. Dalili za pepopunda huanza, kwa kawaida, baada ya siku 3 hadi 21: taya hukaza, kinywa kisifunguke. Mwenye kuzingoja amekwisha kuchelewa.