Tusiizamishe miche ya Ntoto

Kila tarehe 5 Desemba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huadhimisha Siku ya Taifa ya Mti. Viongozi hushika majembe, watoto wa shule hupewa miche, picha hupigwa. Tangu mwaka 2019, serikali ilipotangaza mpango wa kupanda miti bilioni moja kufikia 2023, tumezoea kusikia idadi ya miti iliyopandwa. Ni nadra kusikia iliyo hai.

Kwa mkulima wa Ntoto, tarehe hiyo haifai kabisa kwa mche wa matunda. Ntoto, mashariki mwa nchi, iko pale milima ya Masisi inapoanza kushukia misitu ya Walikale. Ukungu huchelewa kuondoka, jua ni la kubahatisha, na ifikapo Desemba mvua imenyesha tangu Septemba. Udongo umeshiba maji na ni baridi. Ukichimba shimo katika udongo wa mfinyanzi wa namna hiyo umechimba ndoo: maji yanaingia, hayana pa kutokea, na mche unasimama ndani yake hadi mizizi ikose hewa.

Avoka ndiyo inayoumia zaidi. Mizizi yake mingi hukaa juu juu na inahitaji kupumua. Maji yakituama, huingia pia ugonjwa wa fitoftora, uliotambuliwa kwanza Sumatra mwaka 1922 kwenye miti ya mdalasini na ambao leo unaua avoka karibu popote zinapolimwa. Mbegu zake huogelea katika maji ya udongo mpaka zifike kwenye mizizi. Majani yanageuka njano, yananyauka, na mwenye shamba, akidhani mti una kiu, anauongezea maji. Maprini ya Japani, yale matunda mekundu ya umbo la yai, nayo hayavumilii kuloweka. Mpera ni mgumu kidogo. Mwenye bonde aanze na huo.

Wapo wanaosema basi nchi hii ni ya nyasi na maharage tu. Tunakataa. Rungwe, kusini mwa Tanzania, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini humo, na wakulima wadogo wa huko wanauza avoka hadi nje ya nchi. Kule maji hayakai, kwa kuwa mashamba yako kwenye miteremko ya udongo wa volkano. Ntoto nayo ina miteremko. Na mama zetu wanajua la kufanya pasipo na mteremko: hakuna anayezika viazi vitamu shimoni, wote hupanda juu ya tuta. Mti nao upandwe hivyo hivyo. Inua kilima cha udongo wa juu chenye kimo cha nusu mita na upana wa mita moja au zaidi, changanya samadi iliyooza vizuri, panda mche kileleni, kisha fungua mtaro upande wa bondeni. Pale mche ulipounganishwa pabaki juu ya udongo. Kabla ya hayo yote, chimba kishimo, kijaze maji jioni, ukitazame asubuhi. Kama maji bado yapo, tafuta mahali pengine au inua kilima zaidi.

Kwa hiyo tunawaomba wanaogawa miche, wawe wa serikali, wa makanisa au wa mashirika: ileteni Septemba mvua zinapoanza, mje na mtu wa kuonyesha namna ya kuinua udongo, na mrudi baada ya mwaka kuhesabu iliyobaki. Hesabu hiyo ndiyo itangazwe.

Linabaki jambo zito kuliko maji. Tangu mauaji ya sokoni Ntoto mwezi wa Machi 1993, yaliyowasha vita vya Masisi na Walikale, familia za eneo hili zimekimbia na kurudi mara nyingi, na wengi leo wanalima ardhi ya wengine. Sheria ya Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, lakini kijijini kila mtu anajua kwamba apandaye mti anaonekana anadai shamba. Ndiyo maana mwenye ardhi humruhusu mpangaji kupanda maharage na kumkataza mti. Hofu yake tunaielewa. Lakini avoka iliyounganishwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na hakuna mpangaji atakayeinua kilima na kusafisha mtaro miaka yote hiyo kwa ruhusa ya msimu mmoja. Machifu wa vijiji wanaweza kulimaliza hili bila kungoja Kinshasa: waite pande zote mbili, waandike mbele ya mashahidi kwamba ardhi inabaki ya mwenyewe na matunda yatagawanywa vipi, kwa miaka mingapi. Karatasi hiyo isainiwe kabla ya mche wa kwanza kushuka kwenye pikipiki.