KUSAFISHA CHUMA NI KAZI, ILIPWE KAMA KAZI

Katika karakana nyingi za Kampala, kuanzia Katwe hadi eneo la viwanda, fundi hulipwa kwa hesabu ya viungo alivyochomelea. Muda wa kukwangua kutu, rangi na grisi haumo katika hesabu hiyo. Basi fundi huiruka hatua hiyo apate mkate wa watoto, na kiungo kikiachia lawama ni yake peke yake. Haki iko wapi?

Chuma kichafu hakishiki. Mafuta, rangi na unyevu vikipata moto hutoa gesi, na gesi ikinaswa katika chuma kinachoganda huacha vitundu kama vya andazi. Juu kunang'aa, ndani kubovu. Tena hidrojeni itokayo katika unyevu na grisi huweza kupasua chuma kigumu saa nyingi baada ya kupoa, mtambo ukiwa umekwisha kurudishwa kazini. Wenzetu wa viwanda vya sukari na chai wanajua maana ya kiungo kibovu kwenye bomba la mvuke.

Lakini kusafisha nako kuna hatari zake. Wengine hupewa petroli wafutie chuma. Huko ni kumwita moto kwa jina. Mbaya zaidi ni dawa za kuondoa grisi zenye klorini. Zikibaki kwenye chuma, joto na mwanga wa kuchomelea huweza kuzigeuza kuwa fosijini, gesi iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtu huivuta mchana asihisi jambo kubwa, usiku mapafu yakajaa maji. Bati la zinki lisipokwanguliwa, moshi wake huleta homa na kutetemeka, na yale maziwa wanayogawiwa mafundi hayazuii kitu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamlazimu mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Kwa maoni yangu, matawi yetu yasiishie kudai miwani na glavu. Yadai brashi za waya, grenda zenye kinga, dawa isiyo na klorini na mahali penye hewa. Na kabla ya yote, muda wa kusafisha uandikwe katika mkataba na kulipwa, saa kwa saa, sawa na muda wa kuchomelea.