Giaboksi ya Japani na dola 2,000 za mpakani

Dereva wa mbio za magari hataki kupoteza hata nukta moja kwenye gia. Giaboksi ya kawaida ina sinkro, pete zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Ya mashindano haina. Meno yake manene huumana papo hapo, hata bila klachi. Nayo huchakaa upesi, hivyo vipuri havikosi mnunuzi.

Mfanyabiashara anayevusha giaboksi kuukuu ya Subaru kutoka Busia kwenda Tororo akiambiwa na wenzake kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 hautozwi ushuru wa forodha, asivuke bado. Cheti rahisi cha uasili ni cha bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki. Giaboksi ya Japani, hata ikifunguliwa na kuoshwa na fundi wa Busia, hubaki ya Japani. Asiyejua hilo huishia njia za panya, na huko mtaji wote hupotea siku moja.

Lawama si za mchuuzi peke yake. Dola 2,000 hutangazwa kwa sauti. Sharti la uasili hunong'onezwa. Libandikwe kwenye kituo cha pamoja cha Busia, kwa Kiswahili, kabla ya dirisha la kwanza.